Waya wa Feni, Njia ya Giteranyi

Saidi aliposema ataunganisha feni ya gari moja kwa moja na betri, nilitakiwa kukataa. Nikamwambia, "Funga, twende."

Wa rika langu mtanielewa, maana tulikua na magari yanayochemka. Tulipokuwa wadogo kule Giteranyi, lori la kahawa likifika kilimani lilitoa mvuke kama chungu cha maharage, dereva akapiga kelele, "Maji, watoto!" Tukashuka bondeni mbio na vibuyu. Dada yangu Mwamini, aliyenilea mama alipofariki, alinishika mkono nisimwage. Zawadi yetu ilikuwa kupanda nyuma mpaka kileleni, tukila viazi vitamu vyenye majivu bado. Betri ikifa, mtaa mzima ulisukuma. Baba alizoea kusema, "Gari ni ng'ombe. Likichoka, linywesheni." Vijana wa leo gari likizima, wanachohofia kwanza ni pa kuchajia simu.

Juzi juzi habari ikatufikia hapa Nyamugari, Gitega: Mwamini amezidiwa, ananiita. Nikaapa nitafika hata kwa magoti. Gari ni la binti yangu Zuhura, la kisasa, na asubuhi tulipotaka kuondoka taa ya joto ikawaka.

"Papa, tupite kwanza garaji yenye mashine ya kupima," alisema. "Hapa kompyuta ndiyo inaamuru feni izunguke lini, na dinamo itoe umeme kiasi gani. Feni haipati amri. Iko kitu kimekufa."

Saidi, fundi jirani niliyesoma naye, akacheka. "Sha, tangu lini feni ikaomba ruhusa? Mi naipiga direct, itazunguka mpaka Tanzania!"

"Na kawaya hako kembamba ulikoshika, katahimili?" Zuhura akamuuliza.

"We mtoto, sisi tulipoza injini kabla hujajua kutambaa."

Zuhura alinigeukia. Kupima kungetuchelewesha kidogo tu, lakini mimi nilikuwa na haraka, na maneno ya Saidi yalikuwa matamu masikioni. Nikaamua.

Feni ilivuma vizuri hadi tulipopita Karuzi, tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Waya ulibebeshwa umeme kupita uwezo wake. Ukayeyuka, feni ikasimama. Kompyuta ikapunguza nguvu ili kuiokoa injini. Zuhura, aliyekuwa akiendesha, akataka kusimama.

"Kanyaga!" nikamwambia. "Dada ananisubiri."

Gari likazima katikati ya mlima. Nikachota maji mtaroni nikaimwagia injini ikiwa bado ya moto, jinsi madereva wetu walivyofanya. Chuma kikapasuka, paa!

Nilimwacha binti yangu na gari lake, nikapanda pikipiki hadi Muyinga mjini, kisha nyingine, na barabara ilipoharibika nikaenda kwa miguu. Sikupumzika.

Magari ya utotoni yalitusamehe ujinga, kwa kuwa yalikuwa mazito na mambo yake machache. Ya leo yanajua joto lao na umeme wao kutushinda, na yanatuonya mapema. Nayakumbuka yale kwa mapenzi, lakini gari lingine likiniwashia taa, nitalisikiliza.

Nilifika Giteranyi jioni. Mwamini alikuwa amefariki mchana, akazikwa alasiri ile ile. Wanawe waliniambia aliniulizia mpaka sauti ikakatika. Sikubeba jeneza la dada yangu, na neno alilokuwa ameniitia sitalijua.