Tarakimu ya Mwisho

Jana binti yangu alinionyesha kanuni waliyofundishwa shuleni: namba yoyote, hata iwe ndefu vipi, hugawanyika kwa tatu endapo jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa tatu. Nikasikia tena harufu ya ulezi ukikaangwa jikoni kwetu kijijini Kate, mchana ule baba aliposhika mkaa akaandika namba ndefu mlangoni.

"Ikigawanyika kwa tatu bila baki, nawapeleka wote Kirando mkalione ziwa," alituambia wanawe watatu.

Mimi kitindamimba niliamini likitokea baki, wa kuachwa ni mimi. Kabla ya tarakimu ya mwisho baba alisita, midomo ikimcheza, nikadhani anasali.

Dada akagawanya polepole. "Haibaki kitu, baba."

Nikashusha pumzi.

Kumbe baba alikuwa akijumlisha.