Mikono Yake Ilikuwa na Glavu

Moshi ulinitoka kinywani, na wanawake wakapiga vigelegele.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kiti cha bibi harusi, mkono mmoja umeshika upindo wa gauni lake, tumbo linanivimba kama unga uliotiwa hamira. Pumzi haikuingia wala haikutoka. Ulimi ulikuwa umekufa ganzi, koo linawaka, na nilipofungua mdomo niombe msaada ukatoka ule moshi mweupe, ukanitelemkia kidevuni.

"Haloo! Somo anavuta sigara leo!" mmoja akapiga ukelele, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Simu zilikuwa juu, kila mtu anapiga picha.

Bibi harusi peke yake hakucheka. Aliniinamia, maua ya kichwani yakanigusa paji la uso.

"Mama mdogo, una nini?"

Nilitaka kumwambia asinywe. Sauti haikutoka, ilitoka damu kidogo. Glasi ya pili, iliyokuwa yake, ilikuwa imeshajazwa na imeshaanza kufuka moshi, na mkono wenye glavu ulikuwa unamnyooshea. Nikaipiga kwa nguvu zote zilizobaki. Ikamwagika yote juu ya gauni jeupe. Ukwaju mweusi, kuanzia kifuani mpaka magotini.

Hapo vigelegele vilikoma. Si kwa sababu yangu. Kwa sababu ya gauni.

Mimi si mtu wa kuandika. Shule niliiachia darasa la tatu, nikakabidhiwa kinu na kifumbu cha kuchujia. Lakini yamesemwa mengi kuanzia Bongwe hadi Kombani, na wanaoyasema si wao waliolala hospitali. Kwa hivyo nayaeleza mwenyewe, na wenye makosa nitawataja. Majina yao sitayaandika, na si kwamba nawaogopa. Ni kwa ajili ya yule bibi harusi, maana mmoja wao anakula naye sahani moja.

Bibi harusi yule ni mtoto wa dada yangu. Dada alifariki mtoto hajaanza kusema, nikamlea mimi. Sikujaliwa kuzaa, na sikuona pengo. Alipoposwa, nani mwingine angekuwa somo wake? Nilimfunda mwenyewe, nikamsinga kwa liwa mwenyewe, nikamtia hina mwenyewe.

Kwetu siku ya kupamba, mwari, yaani bibi harusi, anapotolewa mbele ya wanawake, glasi ya kwanza ya sharbati hunywewa na somo. Ndivyo alivyofanya bibi yangu, na mama yangu. Somo huinywa yote kwa mkupuo mmoja, haitui, habakishi. Akibakisha, wazee wanasema, amemwachia mwari jicho la watu chini ya glasi. Akiimaliza, ndipo ya pili anapopewa mwari. Kumbe desturi ya kumkinga mtoto ndiyo iliyonipasua tumbo.

Sharbati yenyewe niliipika mimi. Ukwaju ndio kazi yangu. Ukisikia harusi ya upande wetu watu wamekunywa ukwaju wakaomba tena, basi jua mkono wangu ulipita hapo. Nauloweka, naukamua, nauchuja mara mbili, natia sukari, iliki na tangawizi kidogo. Unakuwa mweusi kama kahawa. Kitu kikizama ndani yake hukioni.

Moshi haukuwa wazo langu. Lilikuwa wazo la shangazi wa bwana harusi. Alikuwa ameona harusi moja huko Diani, meza ya vinywaji inafuka kama mawingu, na tangu siku ile hakulala.

"Wifi, yetu nayo ifuke," akaniambia. "Tusije tukaonekana tumetoka shamba."

"Si tumetoka shamba kweli?" nikamjibu.

Akacheka, akanipiga begani. Wakati ule tulikuwa tunacheka.

Akamtafuta mpambaji wa Ukunda, mwanamke wa maua na mapazia, hodari wa maneno. Mpambaji akasema inaitwa barafu kavu, inapatikana. Aliyeleta ni jirani yangu, mtu wa bara, Mkristo, anafanya kazi katika baa ya hoteli moja ufukweni na anazijua tabia zake. Alileta kisanduku adhuhuri, mimi niko jikoni na kifumbu changu, nikamsikia langoni akizungumza na mpambaji muda mrefu. Maneno sikuyapata, mchi ulikuwa unatwanga iliki. Nilisikia jibu la mpambaji tu.

"Nimekuelewa, kaka. Mimi si mtoto."

Baada ya alasiri tukaingia ukumbini. Wanaume walibaki nje, na jirani yangu pamoja nao, amekaa na bakuli la biriani kwenye viti vya plastiki. Kupamba ni kwa wanawake. Vichwa viko wazi, mabega yako wazi, mwari yuko bila buibui, na mapambo yake yote. Kwa hivyo milango ilifungwa na madirisha yalizibwa kwa mapazia, watu wasichungulie. Mtu pekee aliyejua barafu ile ni kitu gani, ndiye mtu ambaye mlango ulifungwa asiingie.

Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Mpambaji aliweka vipande ndani ya bakuli kubwa lenye maji ya moto, akatia bakuli dogo la ukwaju juu yake, na moshi ukatambaa mezani ukashuka mpaka kwenye mikeka. Watu walishangilia. Mimi mwenyewe nilisema masha Allah. Waliokaa mikekani wakaanza kulalamika vichwa vinauma, tukadhani ni udi na joto.

Bibi harusi alichelewa kutoka. Alipotoka, bakuli lilikuwa limenyamaza. Hakuna moshi, na mpiga picha wa kike amesimama tayari.

Shangazi akamkazia macho mpambaji. "Sasa ndio nini? Anatoka mwari na meza imekufa!"

"Si meza tu, bibi," mpambaji akasema. "Glasi yenyewe nitaifukisha moshi. Utapenda."

Nilimwona. Nimesimama karibu naye kama wewe na karatasi hii. Alivaa glavu nene, za ngozi, kama za mtu wa kuchomelea vyuma. Akafungua kisanduku, akachagua kipande kidogo kwa koleo, akakitumbukiza kwenye glasi ya kwanza. Moshi ukafurika ukingoni. Nilidhani glavu ni madaha, kama wanavyovaa wahudumu wa mahotelini.

Nikapiga bismillahi, nikainywa kama bibi yangu alivyoinywa. Mkupuo mmoja. Mwishoni kitu kigumu kikanigonga jino, kikapita.

Hospitali ya Msambweni walinipasua usiku uleule. Tumbo lilikuwa limetoboka, na lile kovu sasa linapanda kutoka kitovuni kama mshono wa gunia. Sina neno baya kwao, walinirudisha duniani.

Jirani alikuja kuniona. Alisimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi.

"Mama, walai nilimwambia," akasema. "Nikamwambia, madam, hii si barafu ya maji. Ni hewa imegandishwa. Ukiishika na mkono inachoma kama jiko. Inakaa kwa bakuli ya chini, juisi inakaa kwa ya juu, hazigusani. Kwa glasi ya mtu haiingii. Isifungiwe kwa chupa, italipuka. Na mfungue madirisha, hiyo hewa ni nzito, inakaa chini, inaziba watu pumzi. Nikamwambia yote, mama. Na glavu ni mimi nilimpa."

Glavu ni yeye alimpa.

Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo. Mwanamke yule aliambiwa kitu kile hakishikiki kwa mkono. Akaamini. Akaikinga mikono yake vizuri, kidole kwa kidole. Kisha akakitia kwenye glasi ya mtu anywe.

Nilipotoka hospitali nikakuta hukumu imeshapita. Mpambaji alikuwa amekwisha kusema ni husda, harusi ilikuwa na macho mengi. Shangazi wa bwana harusi akasema ni kudra, tumshukuru Mungu. Baadaye, gauni lilipokataa kutoka doa, akapata neno jingine. Akasema somo mwenyewe ana nuksi. Tasa kumsimamia mwari, lilikuwa kosa tangu mwanzo. Amemmwagia mtoto weusi siku ya weupe wake.

Jicho, kudra, nuksi. Barafu haikutajwa.

Neno likamfikia mume wa mwanangu, likamfikia mama mkwe wake. Mwanangu sasa ana mimba. Nimeambiwa na watu wa sokoni Kombani, si yeye. Amekatazwa kuja kwangu mpaka ajifungue, nisije nikamgusa tumbo. Alinipigia simu mara moja, kwa kunong'ona.

"Mama mdogo, shikamoo. Unakula?"

"Marahaba, mwanangu. Nakula."

Sikumwambia ninakula nini. Uji mwepesi, na wali kiganja kimoja, nao siku nyingine unanirudia. Ukwaju siugusi. Nikiuonja tu, tumbo linajikunja. Wateja walikuja mwanzoni, nikapika kwa kukisia, sukari ikazidi, ikapungua, wakaacha kuja. Mpishi wa sharbati asiyeweza kuonja ni kama mshonaji kipofu. Lakini hilo ningelimeza. Nilikwisha kumeza kubwa kuliko hilo.

Mpambaji bado anapamba. Jirani alinionyesha kwenye simu yake: ile picha ya glasi inayofuka, na mimi nainua kunywa, ameiweka watu waione wamwite harusini kwao. Ameikata pale mdomo wangu unapogusa glasi.

Sitaki aniombe radhi kwa siri, chooni. Sitaki aniletee sukari na mchele kama mtu aliyefiwa. Namtaka aje Bongwe mchana, mlango wangu uko wazi, aje na yule shangazi, na mwanangu awe amekaa katikati yetu na tumbo lake, asikie kwa masikio yake. Nimeshatuma watu wakamwambie, wamerudi wananiambia nimwachie Mungu. Mungu nimemwachia yaliyo yake. Haya ni ya yule mwanamke.

Aje anijibu moja tu, mbele ya mtoto. Kama lilikuwa jicho, kama ilikuwa kudra, kama ni nuksi yangu mimi, basi siku ile wewe glavu ulivaa za nini?