Clotilda na Kitufe Chenye Picha

Saa nne asubuhi. Clotilda Tarsis amepiga magoti nyuma ya duka la Muhiddin, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, katikati ya monita za mitumba zilizoshushwa jana kutoka kwenye kontena. Anazijaribu moja moja. Hapa mteja halipi mpaka aone kioo kinawaka.

Meza ya mbele ni ya mafundi wanaume. Muhiddin amemwahidi: "Siku mteja akikuulizia kwa jina, utahamia mbele." Mwaka wa pili sasa, hakuna aliyemuulizia.

Anaingia Jasumati, muuza sari wa Kisutu, kaikumbatia laptopu kama mtoto mgonjwa.

"Fundi yuko wapi?"

"Shikamoo, mama. Ndiye mimi," Clotilda anajibu, macho chini.

"Marahaba. Wewe? Jana fundi mkubwa kasema imekufa, niiuze vipuri!"

Laptopu ilianguka, kioo kikawa giza. Ndani zimo picha za harusi ya bintiye, Janki, na hakuna nakala nyingine. Wakwe wanakuja kuziona saa kumi leo.

Clotilda habishi. Anaiwasha, anatega sikio. Feni inavuma.

"Haijafa, mama. Kilichokufa ni kioo tu. Tutaiazimia kingine."

Anauchungulia waya wa monita. Pini moja imelala. Anatoa kibano cha nyusi kwenye pochi, anainyoosha polepole.

"Zamani niliulazimisha waya kichwa chini miguu juu, nikavunja pini mbili," anacheka. "Muhiddin hakunisemesha siku tatu. Tangu hapo silazimishi kitu."

Anachomeka. Giza.

"Si nilisema!" Jasumati anashika kichwa.

Clotilda anainama kwenye vitufe vya laptopu. Anabonyeza cha buluu cha pembeni, pamoja na kingine chenye picha ya kompyuta na televisheni ubavuni. Monita inapepesa, inawaka; Clotilda anafungua picha. Mara Janki huyo, kavaa mashada ya maua mpaka kidevuni, bwana harusi anapiga chafya.

Jasumati anapiga vigelegele. Duka zima linageuka.

Clotilda, mwenye miaka 22, aliishia darasa la tano, Buguruni, mama yake alipougua. Kwa siku hupata shilingi elfu tatu, nusu inakwenda kwenye kodi ya chumba. Kiingereza hakijui.

"Wenzangu wanasoma maandishi, picha wanaziruka," anasema kwa sauti ya chini. "Mimi nasoma picha."

Jasumati ananunua monita ileile, anamwita mchukuzi. Mlangoni anageuka: "Unaitwa nani, mwanangu?"

Saa nane mchana, mzee mmoja anasimama kizingitini, laptopu kwapani. Fundi wa mbele anamwahi: "Karibu, mzee! Lete nikuangalizie."

"Ahsante, bwana. Mimi namtaka Clotilda. Nimetumwa na mama Janki."

Muhiddin anatua kikombe cha kahawa. Anakwenda nyuma, anaibeba meza ya Clotilda kichwani yeye mwenyewe, mafundi wanampisha huku wakipiga miluzi.

Mwezi ujao Clotilda anaanza masomo ya jioni ya watu wazima, amalizie darasa la saba. Kibao cha jina mezani pake bado hakina maandishi. Muhiddin alitaka kumlipa mchoraji, Clotilda akakataa.

"Kiacheni kwanza," anasema. "Nitakiandika kwa mkono wangu."