Asali ya Mwenye Mwanga

Mjukuu wangu akisoma mambo ya mwanga mezani, mimi humtajia: eksirei, mionzi, mawimbi ya redio, sumaku. Hushangaa, maana shule yangu iliishia darasa la pili. Majina mengine niliyaokota redioni, lakini eksirei na mionzi niliyapata wakati wa Imajensi, vile vita vya wakoloni na wapiganaji wa msituni, dada yangu alipokuwa anakohoa.

Tulikuwa tumehamishwa, tukafungiwa kijijini, handaki limetuzunguka na homgadi, wenzetu waliopewa bunduki na serikali, wako langoni. Kutoka ni kwa pasi. Mama aliomba mpaka akapewa, tukampeleka dada hospitali ya misheni. Mpiga picha za kifua alikuwa mtu wa Majengo, mtaa wa Waislamu mjini, kofia nyeupe kichwani, Kimeru chake kina ladha ya Kiswahili. Dada alipoona chuma kile kikubwa akauliza kama ni sumaku, isije ikamng'oa meno.

"Kwani wewe una meno ya misumari?" yule mtu akamwambia. "Hii ni mionzi. Huioni, huisikii, na inapita nyama mpaka mfupa. Haya, vuta pumzi. Usipumue!"

Chuma kikanguruma kidogo, kikanyamaza.

"Basi. Mrudi wiki ijayo."

Hapo ndipo mama alipokosea, na sijui nani kwetu asingekosea. Nyumbani kwetu, mganga akishamaliza kukushughulikia, unamrudia kwa jambo moja tu: shukrani. Na huendi mikono mitupu, la sivyo ugonjwa unakufuata nyumbani. Mama aliamini ule mwanga umeshaingia kifuani ukachoma kilichokuwa kinamla mwanawe. Kilichobaki ni asali.

Asali nayo ilikuwa wapi? Mizinga ya baba ilikuwa kule msituni, na huko ukionekana unapigwa risasi. Mbuzi walishachukuliwa. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Dada akiamka na nguvu kidogo, mama anasema, "Mnaona? Mwanga unafanya kazi." Akatoka naye kwenda kuchimba handaki, maana aliyepona hasamehewi kazi.

Jirani yetu mmoja akamtania dada huko: "Wewe uliyewashiwa taa kifuani, mbona huangazi tukaokoa mafuta?"

Dada alicheka, akakohoa, akayafukia mate yake kwa jembe. Yalikuwa mekundu. Mama aliyaona.

"Ni uchafu unatoka," akasema.

Mwishowe mama akamlimia mke wa homgadi shamba, akapewa kibuyu kidogo cha asali. Pasi ikapatikana ya watu wawili. Dada hakuweza tena kutembea, kwa hiyo tulikwenda mama na mimi.

Yule mtu wa Majengo alitutazama mikononi, akatazama nyuma yetu. Kisha akaweka picha kwenye kioo chenye taa. Mbavu za dada zilikuwa nyeupe, na upande mmoja palikuwa na kitu kama wingu.

"Mama, ugonjwa ndio huu. Eksirei inaonyesha tu, haitibu. Tulikuwa tunamngoja alazwe, apigwe sindano. Yuko wapi?"

Mama alikuwa bado amemnyoshea kibuyu. "Si alipona?" akasema. Alirudia tena, polepole, kama mtu anayemuuliza mtoto.

Tulirudi mbio kumwombea dada pasi. Chifu akasema kijiji kimetoa pasi nyingi mno, tungoje. Tulingoja. Dada alikufa mlango umefungwa, mvua inanyesha, mama amemkumbatia kwa nyuma ili apate kukaa wima apumue. Pasi haikutoka.

Asali ile haikuliwa. Ilikaa chini ya kitanda mpaka ikaganda, sisimizi wakaingia. Mama hakumlaumu yule mtu, wala hakwenda tena hospitali hata alipougua yeye. Alikuwa na swali moja tu, akaliuliza mpaka uzee wake: mwanga unaoweza kumwona mtoto hivyo, mfupa kwa mfupa, unamwachaje?

Mjukuu wangu bila shaka anaweza kunieleza. Sijamuuliza.