Konflikti ya Kaisho

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba hapa Kaisho ugomvi umekwisha. Tangu karani wa baraza la kata arudi kutoka semina Nkwenda, kilichobaki ni konflikti. Waliotwangana ngumi kilabuni, mashemeji walionuniana, mbuzi aliyeingia migombani kwa watu, wote anawaandika kwa neno hilohilo la Kiingereza. Kwanza hulamba kidole gumba, hufunua daftari, hupuliza ncha ya kalamu kana kwamba anapoza uji, kisha huliandika na kulipigia mistari miwili kwa rula. Akilitamka hushusha sauti, kama padri anayetaja jina la marehemu.

Jumanne, Mukandekezi alifika ofisini akikokota ng'ombe kwa kamba, majani ya maharage yakining'inia bado mdomoni mwa mnyama. Shambani kwake, palipotegemewa chakula cha wanawe mpaka mavuno yajayo, vilibaki vijiti.

"Shikamoo karani. Nimekuletea konflikti, andika."

Karani akalamba kidole, akafunua daftari, akapuliza kalamu. Ndipo akainua macho, akamtambua ng'ombe wake mwenyewe. Akalifunga daftari taratibu.

"Hii si konflikti, mama. Ng'ombe alikuwa na njaa."