Begi la Gofu la Babu

Leo nimenyamazishwa hadharani na mzee wa miaka themanini.

Daktari alimwamuru babu atembee, auokoe moyo wake. Akachagua gofu: mashimo tisa kwa miguu, begi la fimbo begani. Sasa kilima cha Miyuji hakimhemeshi tena.

Lakini leo uwanjani nilimwona ameinama chini ya begi hilo, nikawaka.

"Babu! Baba yako alibebeshwa mizigo ya Wajerumani, Mpwapwa hadi Tabora, kwa kiboko! Ukoo wetu haujabeba vya kutosha?"

Wachezaji wakageuka.

Babu akatua begi, akapumua taratibu.

"Mjukuu wangu, baba yangu hakuruhusiwa kutua. Mimi nimetua."

Kisha akalibeba tena.

Wenzangu, mngemjibu nini?

Mimi nilimfuata hadi shimo la tisa, na aliyehema nilikuwa mimi.