Neno "disappointing" lilivyomsubirisha mama wa watu kambini Lukole

Wakuu, habari zenu. Naona humu watu wanabishana kuhusu maana ya "disappointed" na wengine wanacheka. Mimi neno hilo silicheki. Ninachoandika kilinitokea, sijaongeza chumvi.

Miaka ile ya wakimbizi Warundi nilikuwa nimemaliza form four, nakaa kwetu Rulenge. Nikapata kazi ya ukalimani kambini Lukole, kwenye ofisi ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi. Kirundi chao na Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, vinaelewana bila shida. Tatizo langu lilikuwa Kiingereza, ila nilificha.

Kulikuwa na mama mmoja Mrundi, Daforoza. Binti yake Konsolata alimpotea njiani wakikimbia.

Tukasikia kuna mtoto wa jina hilo kambi nyingine, upande wa Biharamulo. Bosi wangu, dada wa kizungu, akaenda kumwona.

Aliporudi alikuwa anawahi likizo. Akaniachia karatasi: "The visit was disappointing. Please tell the mother."

Nilijua appointment ni miadi. Na "dis" inakanusha. Nikaona basi, miadi imevunjika, safari haikufanyika. Nikamwambia mama asubiri, wataenda siku nyingine.

Akashukuru sana.

Kila Jumatano akawa anakuja kukaa kwenye benchi letu. Wiki ya tatu alikuja na gauni la mtoto, amebadilishana na unga wake wa mgao. Akaniuliza kama litamtosha mtoto wa miaka tisa.

Nikasema litamtosha.

Bosi aliporudi akamkuta pale, gauni mapajani. Akaniuliza kwa nini huyu mama bado anasubiri. Nilipomweleza akanifafanulia taratibu: yeye alifika kule, akamwona yule mtoto, hakuwa Konsolata. Walifanana jina tu.

Nikatoka kumwambia mwenyewe. Nikakiri kwamba neno lile sikulijua.

Hakulia. Alisema, "Mwanangu, ungeniambia hujui, ningetafuta mwingine wa kunisomea."

Jumatano iliyofuata hakuja. Nilimwona mara moja tu, kwenye foleni ya maji. Nikamsalimia, akaitikia, akageukia ndoo yake.

Mpaka naacha kazi, Konsolata hakupatikana.

Wakuu, disappointed ni mtu aliyevunjika moyo kwa kukosa alichotarajia. Disappointing ni jambo lenyewe lililomvunja moyo. Miadi haimo kabisa. Usipojua neno, uliza, hata kama watakucheka.

Kama kuna mwingine humu aliwahi kumpelekea mtu habari isiyo sahihi, aandike alimrudia vipi. Mimi hadi leo sijui ningemwambia nini pale kwenye foleni ya maji.